Kisangani: Sahani nzuri ya Makiso inaanzia katika shamba la Lubunga

Mtu anayependa kula vizuri hakawii kuujua mji. Kabla ya kusikia taarifa ya habari, yeye tayari anajua kwamba makemba yamepanda bei, kwamba samaki wa leo ni wa juzi, na kwamba mama aliyekuwa anauza sombe pembeni ya barabara haonekani tena. Ndiyo maana inafaa kuongelea restora za Kisangani wakati huu, hata kama wengi wataona kwamba ni habari za anasa, na hata kama katika mji huu kuna jamaa zinazolala na chungu kitupu. Inafaa hasa kwa sababu jamaa hizo zipo.

Kuna mfanyabiashara mmoja, mkaaji wa komine Mangobo, ambaye wenzake wanamtania kwamba tumbo lake lina pasipoti. Anauza nguo na viatu. Kazi hiyo imemfikisha Kinshasa, Kampala na Nairobi, na kila mahali anapofika, kabla ya kuuliza hoteli anauliza chakula. Hatafuti restora yenye taa nyingi. Anatafuta ile ambayo wenyeji wenyewe wanakula na kutoka wakipangusa jasho.

Kampala alikula luwombo: nyama au kuku aliyefungwa ndani ya jani la mgomba, akapikwa polepole kwa mvuke mpaka mfupa unaachia. Waganda wanakiheshimu chakula hicho. Wanakiweka mezani siku ya arusi na siku ya mgeni mkubwa, tena kwenye restora za kati ya mji kinaandikwa kwa jina lake la Kiganda, bila aibu. Mtu wa Tshopo akikiona anatabasamu, maana ni ndugu wa liboke.

Nairobi walimpeleka kwa K'Osewe, restora inayojulikana sana kwa samaki wa Ziwa Victoria na ugali. Pale alimuona mtu wa tai na koti amekaa meza moja na dereva, wote wawili wamekunja mikono ya shati, wananawa, wanamenya samaki kwa vidole. Hakuna aliyeomba uma. Mfanyabiashara yule alirudi akihadithia jambo moja: samaki alikuwa mzuri, lakini kilichomshangaza ni kwamba wakubwa wa nchi wanakula chakula cha mama zao mbele ya watu.

Kinshasa hakupata shida. Malewa iko kila kona. Neno hilo, ambalo zamani lilikuwa jina la mahali pa kula pa mtu asiye na kitu, limepanda mpaka kwenye jukwaa: mwaka 2009 Werrason aliliweka katika jina la albamu yake, na nchi nzima ikacheza techno malewa. Kinshasa unakula fumbwa, unakula kwanga, unakula liboke ya ngolo, na hakuna anayekuuliza kwa nini.

Kiisha akarudi nyumbani.

"Ile ni chakula ya nyumbani"

Siku moja ya mwisho wa mwezi aliingia katika restora moja ya Makiso pamoja na mgeni wake kutoka Uganda. Alitaka kumuonyesha Kisangani. Menu ilikuja imefungwa kwa plastiki: pizza, spaghetti, biftek na viazi vya kukaanga, kuku wa kuchoma na viazi vya kukaanga, kapiteni na viazi vya kukaanga. Akauliza kama wana lituma, yale makemba ya kupondwa ambayo mtoto wa Tshopo anakua nayo. Binti anayehudumu akacheka, bila ubaya.

"Papa, lituma haiko. Ile ni chakula ya nyumbani."

Sombe je? Haiko. Liboke? Mpaka uombe siku moja mbele. Mbinzo? Binti akacheka tena. Mgeni akala kuku. Baadaye ikajulikana kwamba ni kuku wa barafu, aliyesafiri njia ndefu kuliko mgeni mwenyewe.

Katika jibu la binti yule ndimo lilipo tatizo lote. Yeye hana kosa, anasema alichofundishwa. Lakini ni mji gani unaoona kwamba chakula chake ni kizuri cha kutosha kwa nyumbani na hakitoshi kwa mgeni? Waswahili walisema mcheza kwao hutunzwa. Hapa Kisangani, anayecheza kwao anaambiwa aende akachezee jikoni, mlango ufungwe.

Aibu hii ina historia

Tabia hiyo haikuanza jana. Wakati mji huu ulipoitwa Stanleyville, kulikuwa na mji wa wazungu na kulikuwa na mitaa ya weusi, na mtu mweusi alipokaribia meza ya mji wa wazungu mara nyingi alikuwa amebeba sinia. Hoteli na restora za wakati ule zilipikia Mbelgiji aliyekumbuka kwao. Jina la mji lilibadilishwa mwaka 1966, lakini menu haikubadilishwa na amri. Iliendelea kuamini kwamba kutoka kwenda kula maana yake ni kutoka Afrika kwa saa mbili.

Mwandishi V. S. Naipaul, katika kitabu chake cha mwaka 1979 juu ya mji mmoja kwenye pindo la mto, mji ambao wasomaji wote wanautambua kuwa ni Kisangani hata kama hakuutaja, anaonyesha jinsi duka la baga linavyofunguliwa na watu wanaliona kuwa ni alama ya maendeleo. Mengi ya kitabu hicho yanaweza kubishaniwa, lakini hapo alipiga msumari. Miaka mingi imepita na bado mtu akifungua restora hapa anaanza kwa kutafuta mashine ya baga kabla ya kutafuta kinu.

Isieleweke vibaya. Hoja hii si vita dhidi ya chakula cha kigeni. Muhogo wenyewe ulitoka Amerika kwa meli za Wareno, na mahindi vilevile. Mchele ulifika huku pamoja na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wa wakati wa Tippu Tip, yule ambaye mwaka 1887 alipewa cheo cha kutawala Stanley Falls. Na leo wali na maharagi ni chakula cha kila malewa ya Kisangani, sawa na Kiswahili chenyewe kilichokuja kwa njia hiyohiyo. Hakuna aliyezaliwa na pizza, na hakuna aliyezaliwa na muhogo. Tofauti ni kwamba muhogo ulipofika ulipandwa. Ulipata shamba, ukapata mama wa kuusaga, ukapata majani yaliyogeuka sombe, ukalisha mamilioni. Lakini kuku wa barafu na chinchard, ile samaki ambayo watu wanaita Thomson na ambayo kwa sehemu kubwa inavuliwa kwenye bahari ya Namibia, hawapati shamba hapa. Wanapita tu, na pesa inapita nao.

Fikiria jambo hilo taratibu. Mji umekaa juu ya mto Congo. Wagenia wako palepale kwenye maporomoko, na nguzo zao za miti na mitego yao mikubwa ya kusuka ambayo dunia nzima inakuja kuipiga picha. Ndani ya mto kuna kapiteni, kuna mbenga, kuna ngolo. Na katika mji huohuo, mtoto anakula samaki wa bahari ya mbali kwa sababu ndiyo anayopatikana kwa bei ya mama yake. Samaki wa mto amekuwa wa kupigiwa picha na wa mwenye nacho.

Wenye restora nao wana hoja zao

Haki inataka wenye restora wasikilizwe. Ukiwauliza, hawakosi majibu, na mengine ni ya kweli.

Kwanza, wanasema, chakula cha kienyeji kinakula muda. Sombe haipikwi kwa dakika kumi. Majani yanatwangwa, yanachemshwa mpaka uchungu utoke, ndipo mafuta ya mawese yanaingia. Lituma inataka mkono wenye nguvu na inataka kuliwa ingali moto. Mteja wa restora anataka chakula kifike kabla chupa ya biya haijaisha.

Pili, umeme ukikatika wanawasha jenereta, na mafuta ya jenereta si bei ndogo katika mji ambao uko mbali na kila bandari. Mzigo ukitoka Kinshasa kwa masuwa unapanda mto zaidi ya kilomita 1,700. Ukitoka upande wa mashariki unapita barabara ya taifa namba 4, ambayo mvua na ukosefu wa usalama vinaichezea. Samaki mbichi asipopata barafu siku moja ni hasara.

Tatu, wanasema, mteja mwenyewe ndiye anayekataa. Kijana akimleta mchumba wake Makiso, hataki kumlisha kile alichokula asubuhi kwao.

Hoja mbili za kwanza ni za kweli na zina dawa. Liboke ni chakula kinachongoja: kinafungwa asubuhi katika majani, kinawekwa juu ya makala mteja anapoagiza. Sombe inapikwa mara moja kwa siku na kesho yake ni tamu zaidi, kila mtoto wa Congo anajua. Mama wa malewa asiye na jenereta wala friji anawalisha watu wengi kila mchana, na hakuna anayengoja kuliko mtu wa Makiso anavyongoja biftek. Kama yeye anaweza na chungu mbili na makala, mwenye jiko la gesi anashindwaje?

Hoja ya tatu ni ya aibu tu. Na aibu haiondoki kwa kuifichia menu.

Makemba yaliyokuwa yanavuka mto

Sasa tufike mahali panapouma, maana ni hapo restora na kambi vinakutana.

Anayesimama kwenye ukingo wa mto upande wa Makiso anaona Lubunga ng'ambo. Hakuna daraja. Watu na mizigo wanavuka kwa mitumbwi na kwa boti. Lubunga ni komine ya Kisangani, lakini ni zaidi ya komine: ni mlango wa mashamba. Nyuma yake kuna njia ya kwenda Opala na njia ya Ubundu, pamoja na reli ya zamani ya kilomita 125. Miaka na miaka, makemba, muhogo, sombe, mafuta ya mawese na makala vilitoka upande huo, vikavuka alfajiri, vikafika sokoni kabla jua halijawa kali.

Tangu mwaka 2023 mgogoro wa ardhi kati ya watu wa Mbole na watu wa Lengola umeharibu njia hiyo. Watu wameuawa, nyumba zimechomwa, vijiji vimebaki kimya. Jamaa nyingi zimekimbilia upande huu wa mto, wengine katika sehemu za mapokezi, wengine katika vyumba vya ndugu ambavyo tayari vilikuwa vimejaa. Si kazi ya habari za chakula kusema nani alianza. Kazi yake ni kuonyesha kitu ambacho ripoti zinasahau: waliokimbia hawakuwa watu wa kulishwa. Walikuwa wao wanaolisha mji.

Mama ambaye leo anapanga mstari na kikombe mkononi ndiye aliyekuwa anavuka na mikungu ya makemba. Alijua mteja wake kwa jina. Alijua ni mama gani wa malewa anataka makemba yaliyoiva na yupi anataka mabichi. Alikuwa anakopesha. Leo ananunua makemba kwa kuhesabu vidole, kutoka kwa mchuuzi anayeyanunua mbali zaidi. Na mama wa malewa aliyekuwa anakopeshwa naye ameanza kupunguza kipande kwenye sahani.

Hesabu si ngumu. Chukua mfano tu: mama wa malewa anaweka franka 50,000 kwa makemba, samaki, mafuta, pilipili na makala. Anatoa sahani 30, kila moja franka 2,000. Anaingiza 60,000, anabaki na faida ya 10,000 ya kulisha nyumba yake, kulipa shule na kulipa kodi za soko. Kama makemba yakipanda kwa 8,000 tu, faida inabaki 2,000. Hapo ana njia tatu: apandishe bei na kukimbiwa na wateja, apunguze sahani na kutukanwa, au afunge. Mashamba yakibaki bila mkulima ng'ambo, chungu kinazimika huku. Haihitaji risasi kuvuka mto ili vita ivuke.

Mteja wa Makiso haoni hilo kwa sababu sahani yake ya viazi vya kukaanga haikupita Lubunga. Hilo ndilo tatizo kubwa la restora zinazousahau mji wake. Kukosa ladha ni jambo dogo. Kubwa ni kwamba zinamfanya mtu mwenye uwezo asione njaa ya jirani yake mpaka imepiga hodi.

Msaada, au kazi?

Waliokimbia makwao wamesikia neno msaada mara nyingi. Wanashukuru kwa unga na mafuta yanapofika. Lakini ukikaa nao jioni, wengi wanasema jambo moja kwa namna nyingi: mtu aliyezoea kulima anachoka kungoja.

Katika mji kuna restora, hoteli, mabaa, nganda, kantini za mashirika na karamu za arusi kila Jumamosi. Zote zinanunua chakula. Kati ya waliokimbia wapo akina mama wanaojua kufunga liboke bila kamba, wanaojua kwa kunusa kama mafuta ya mawese ni mapya, wanaojua kukausha samaki na kupika mbinzo ziwe na ukavu wa kupendeza. Ujuzi huo haukuchomwa pamoja na nyumba. Ulivuka mto ndani ya vichwa vyao. Ni mali pekee ambayo wengi wao walifanikiwa kuikimbiza.

Kwa hiyo mapendekezo ni haya, na hakuna lililo juu ya uwezo wa mji.

Kila restora ya Makiso iwe na sahani moja ya Tshopo kila siku, iliyoandikwa juu kabisa kwenye menu, kwa jina lake: lituma na samaki, sombe na wali, liboke. Sahani moja tu, na wateja wataamua kama iongezwe.

Sahani hiyo ipikwe na mtu anayeijua, na mtu huyo alipwe. Alipwe mshahara, kwa franka, kwa siku iliyokubaliwa. Hapo panahitaji macho makali, maana mtu aliyekimbia vita ni rahisi kumdhulumu. Zipo sehemu ambazo mama anaosha vyungu tangu asubuhi na jioni anapewa chakula kilichobaki. Mabaki si mshahara, hata yakiwekwa kwenye sahani safi.

Wenye restora na hoteli wanunue kwa vikundi vya akina mama, na walipe siku hiyohiyo. Mchuuzi mkubwa anaweza kungoja mwisho wa mwezi. Mama mwenye bakuli tatu za sombe iliyotwangwa hawezi kungoja hata kesho, maana pesa ya leo ndiyo majani ya kesho.

Wenye mamlaka ya mji na ya komine waangalie kodi zinazotozwa kwa mwenye meza ndogo. Mama mmoja hawezi kukutana na watu watatu wa kodi kabla ya saa nne asubuhi, kila mmoja na karatasi yake, na bado aambiwe apike kwa usafi. Usafi unahitaji maji na choo. Mahali penye bomba la maji karibu na malewa, mteja haendi na ugonjwa nyumbani. Kipindupindu hakiulizi kama ulikula Makiso au Kabondo.

Na mteja naye ana kazi yake, rahisi kuliko zote: aombe. Aingie, akae, aulize "lituma iko?" Akiambiwa haiko, aulize tena wiki ijayo. Mwenye restora ni mfanyabiashara. Swali likirudiwa na watu kumi, atatafuta kinu.

Tahadhari mbili

Kupenda chakula cha kwao si kupenda kila kinachotoka porini. Nyama ya pori inauzwa sana Kisangani, na wapo wanaodhani kwamba bila hiyo menu si ya kienyeji. Wanyama wengine wanalindwa na sheria, na pori likimalizwa halirudi. Kuna pia magonjwa: mwezi wa nane mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza hali ya dharura ya kimataifa kwa ajili ya mpox, na nchi hii ndiyo ilikuwa katikati ya tatizo. Mwenye restora anayejali wateja wake hatafuti sifa kwa nyani. Ana samaki, ana kuku wa kijijini, ana mbuzi, ana mbinzo.

Hata mbinzo zina somo. Aina mojawapo inayopendwa sana inakula majani ya mti wa sapelli, mti uleule ambao makampuni ya mbao yanaukata kwa kuuza ng'ambo. Mti mmoja mkubwa ukianguka, mwenye kampuni anahesabu mita za mbao, na mama wa kijiji anahesabu msimu wa mbinzo uliopotea. Anayependa kula mbinzo ana sababu ya kuuliza habari za msitu.

Tahadhari ya pili ni juu ya heshima. Mama aliyekimbia vita akipata kazi jikoni, asigeuzwe tangazo. Asiitwe mbele ya wageni asimulie alivyokimbia kabla hawajala. Asipigwe picha na sufuria ili mwenye restora aonekane ana moyo. Aitwe mpishi, kama wapishi wengine wanavyoitwa, na jina lake liwe ni lake.

Senegal walipeleka sahani

Watu wa nchi hii walifurahi sana mwezi wa kumi na mbili mwaka 2021 UNESCO ilipoiandika rumba ya Congo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, kwa ombi la Kinshasa na Brazzaville pamoja. Ilikuwa haki. Lakini wachache waliona kwamba katika kikao kilekile, Senegal nayo iliandikishiwa ceebu jën, yaani wali wao na samaki. Congo ilipeleka muziki, Senegal ikapeleka sahani, na zote mbili zikapokelewa kwa heshima moja. Mwaka 2024 Côte d'Ivoire ikafuata na attiéké, chakula cha muhogo. Muhogo! Uleule ambao binti wa Makiso angesema ni wa nyumbani.

Senegal na Côte d'Ivoire hazikungoja mzungu azisifie. Zilianza kwa kula chakula chao hadharani. Orodha ya UNESCO ilikuja baadaye kuthibitisha kile ambacho wenyewe walikuwa wanafanya. Kisangani haina haja ya kuanza na UNESCO. Ianze na meza namba moja karibu na dirisha.

Mji unaokumbuka

Watu wa Kisangani hawahitaji kufundishwa njaa ya vita ni nini. Mwezi wa sita mwaka 2000, kwa siku sita, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji huu kana kwamba hauna wenyewe. Wanaokumbuka siku zile wanakumbuka mabomu, na wanakumbuka pia nani aliwapa kikombe cha uji. Wapo leo wenye nyumba nzuri waliokula kwa jirani wakati ule. Deni la namna hiyo halilipwi kwa yule aliyekukopesha tu. Linalipwa kwa anayekuja na mtoto mgongoni akitoka ng'ambo ya mto.

Hakuna restora itakayomaliza mgogoro wa ardhi. Hilo ni la wakubwa wa jimbo na wa nchi, la mahakama, la wazee wa pande zote mbili, na kila siku wanayochelewa ni siku ya shamba kugeuka kichaka. Jamaa zinataka kurudi kwao. Zikirudi salama, makemba yatavuka tena mto na bei itashuka yenyewe bila mkutano. Lakini mpaka siku hiyo, watu hao wako hapa, wana mikono, na mji una njaa ya kile wanachojua kupika.

Yule mfanyabiashara wa Mangobo ameacha kuwapeleka wageni wake Makiso. Anawapeleka kwa mama mmoja nyuma ya soko, chini ya turubai, benchi mbili, maji ya kunawa kwenye ndoo yenye bomba. Lituma inapondwa mteja akisikia. Mgeni wa mwisho, mtu wa Kampala, alikula sahani mbili, akauliza kwa nini hakuna restora kubwa inayouza kitu kama hicho. Swali hilo sasa ni la wenye restora. Nao wasichelewe kujibu, maana mama yule wa turubai alitoka ng'ambo ya mto, na amani ikirudi, naye atarudi shambani kwake.